Mawe Juu ya Boksi la Oloonkishu

Jumanne, 3 Juni 2025

Leo Wilibrodi ameniambia mbele ya watu kwamba nyumbani kwetu hakupo.

Tulikuwa mgahawani kwa Janeth, tunakunywa chai. Nilikuwa naeleza, kwa kifupi, jinsi umande wa Oloonkishu ulivyokuwa ukilowanisha shuka mpaka jua likae juu kabisa. Wilibrodi akatoa simu, akakuza ramani ya nyanda za juu za Ngorongoro, akaniomba nimwonyeshe. Nikaonyesha. Kijani kitupu. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba mimi ni mtu wa Karatu: nina shamba la maharage, nina mita ya maji, navaa sweta. Mmasai gani anavaa sweta? Watu wakacheka. Janeth naye alicheka akiwa ameshika birika, chai ikanimwagikia mkononi.

Si sweta inayoniuma. Tulihamishwa Oloonkishu nikiwa darasa la pili. Bonde likafungwa kwa makazi, ikabaki njia ya punda tu. Waliopajua wamekwisha mmoja mmoja. Nikiondoka mimi, jina hilo litakuwa limeondoka duniani, na Wilibrodi atakuwa amesema kweli.

Wilibrodi alikuwa dereva wa watalii. Siku hizi ni bingwa wa mchezo wa maboksi, ambao Wazungu wanauita jiokeshi. Mtu anaficha boksi mahali pagumu, anatangaza mtandaoni namba za setilaiti, na wengine wanatoka nchi za mbali kuja kulitafuta. Wakilipata wanaandika jina ndani, wanalirudisha, wanakwenda zao. Zawadi hakuna. Boksi hupewa nyota kwa ugumu wa njia, mwisho tano. La Wilibrodi, kwenye jabali juu ya maporomoko ya Endoro, lina nyota nne. Huzitaja nyota hizo kama mzazi anavyomtaja mtoto aliyesomea udaktari.

Lakini usiku huu nimetambua jambo. Kila boksi lina jina, na jina hukaa kwenye ramani ya mchezo. Dunia nzima hulisoma.

Basi.

Alhamisi, 5 Juni

Maandalizi. Boksi: bakuli la plastiki la mke wangu, Mama Edna, lenye mfuniko wa kubana. Ndani: daftari dogo, penseli, shanga tatu. Jina: OLOONKISHU. Masharti ya mchezo yanakataza kuchimba. Nitalifunika kwa mawe machache, upepo usilichukue.

Mama Edna aliuliza naenda wapi na goti hili. Nikajibu nakwenda kuurudisha ukoo wetu kwenye ramani. Akasema ukoo wao wa Endabash haupo kwenye ramani yoyote na bado unazaa. Kisha akauliza bakuli lake liko wapi. Nikajifanya natafuta miwani.

Jumanne, 10 Juni

Naandika Nayobi, nyumbani kwa mkulima wa viazi aliyenihurumia. Kazi imekamilika.

Nilipanda gari la mnadani mpaka Bulati, kisha nikatembea. Ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kumsikia punda kabla ya kumwona. Kila niliyekutana naye nilimsalimu ipasavyo, Sopa, akaitika Epa, nikamweleza kwamba mimi ni mwana wa Oloonkishu, nakaa Karatu, na kwamba nimerudi nyumbani. Nilikohoa sana. Walinitazama kwa huruma.

Kando ya njia kuna rundo kubwa la mawe. Ni kaburi la mzee wa zamani. Kwetu mzee wa heshima hulazwa chini ya mawe, na kila apitaye huongeza lake, ili marehemu asionekane amesahauliwa. Nami niliongeza langu. Nilifurahi kuona kwamba miaka yote ya Karatu haijanifuta desturi.

Mteremko wa kuingia bondeni ni mkali. Nusu yake niliushuka kwa miguu, nusu kwa makalio, nikishika mizizi. Kuna jani huko linalowasha kama moto, nimelijua upya. Halafu ukungu ukafunguka kidogo, nikaona uwanda, na mwerezi uliovunjika kilele. Penyewe. Mahali pa zizi, nyasi bado ni nene kuliko kwingine. Nilikaa chini. Hapa sitaandika zaidi.

Niliweka bakuli kando ya njia ya punda, nikalijengea mawe vizuri. Simu ikachelewa kupata setilaiti. Nilivua kofia ili nione kioo cha simu, nikainamisha kichwa juu ya yale mawe kwa muda mrefu sana, kisha nikazisoma namba kwa sauti, polepole, nizikariri. Ng'ambo ya korongo mama mmoja mwenye punda alisimama kunitazama. Aliinamisha kichwa. Watu wa huko wana adabu.

Kurudi kwa kupanda nilishindwa. Nikateremkia upande wa pili, mpaka hapa Nayobi.

Jumapili, 15 Juni

Wakaguzi wa mchezo wamelikubali boksi. Nyota tano! Nimeifungua ramani mara nyingi leo, hata kanisani. Kijani, kijani, halafu OLOONKISHU, kwa herufi zilezile nilizoziandika mimi.

Nilimwonyesha Wilibrodi. Aliangalia, akarudisha simu, akaagiza chapati. Baadaye akasema kwamba kuweka jina mahali ni rahisi, hata yeye anaweza kuuita uwanja wa Janeth Paris. Kazi ni mtu kufika, akasema. Boksi lisilofikiwa ni takataka iliyotupwa mbali.

Maneno ya mtu mwenye nyota nne.

Jumamosi, 12 Julai

Amekuja mtu! Henrik, Mdenishi, mrefu, pua imeungua na jua. Ametafuta maboksi kwenye mapango na juu ya barafu. Ametoka kwao kwa ajili ya Endoro ya Wilibrodi na Oloonkishu yangu. Ya Wilibrodi aliimaliza asubuhi, kabla ya chakula. Hilo nililipokea kwa utulivu.

Nilimpa maelezo yote: mwerezi, zizi, njia ya punda. Nikamwambia akifika asimame kidogo kabla ya kutafuta, kwa sababu watu waliishi pale. Aliniahidi. Wilibrodi, aliyekuwa meza ya pili, alimwambia asisahau sweta.

Jumatatu, 14 Julai

Henrik amerudi. Amenikumbatia, jambo ambalo halikunipendeza.

Hakulipata boksi. Anasema namba zilimfikisha sawasawa kwenye kaburi. Kaburi kubwa, la kumfika kifuani. Alikuta akina mama wawili wanaweka nyasi mbichi juu yake. Kwa ishara aliomba asogeze mawe machache. Walimtazama kwa namna iliyomfanya aone aibu ya maisha yake yote. Mwongoza njia wake, aliyefika nyuma, akamweleza desturi. Basi alivua kofia, akatafuta jiwe zuri, akaliongeza.

Nilimwambia pale hapana kaburi, mimi nimezaliwa pale. Akaniuliza nani basi aliyelazwa chini. Nikasema bakuli. Alinishika bega akasema huzuni hutujia sote kwa njia tofauti.

Ameandika taarifa ndefu mtandaoni, yenye picha. Jioni wakaguzi wakaliondoa boksi langu, kwa sababu mchezo hauchezwi juu ya makaburi. Nimeifungua ramani. Kijani kitupu.

Nilipita kwa Janeth bila kuingia. Wilibrodi alinifuata mpaka barabarani. Nilijiandaa kwa dhihaka. Akasema tu, pole, mzee mwenzangu. Hiyo ndiyo iliyouma.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ngumu kuandika.

Nikiwa kwenye maharage nilisikia mbwa. Wanaume wanne wa shuka, kutoka kule juu, na mbele yao Loserian, ambaye baba yake na baba yangu walikuwa rika moja. Walikuwa na kondoo na kibuyu cha maziwa. Walikuwa wameulizia njiani nyumba ya marehemu.

Mama Edna aliwapokea uani. Loserian alimwita yeyo, yaani mama, akampa pole kwa maneno mazuri sana, ambayo niliyasikia yote kutoka nyuma ya mahindi. Alisema mume wake alikuja kwa miguu yake, mgonjwa wa kifua, akamwambia kila mtu kwamba amerudi nyumbani. Mama mmoja alimwona amesimama juu ya mahali alipopachagua, kichwa wazi, akisema sala ndefu. Hakuna aliyemwona akirudi Bulati. Kesho yake mawe yalikuwa pale. Nani amemlaza hawakujua, ila walisema hawawezi kumwacha mtu wa namna ile na mawe machache kama jiko la mchungaji. Basi kila apitaye ameongeza.

Mama Edna alisikiliza mpaka mwisho. Akawashukuru. Akasema marehemu yuko shambani, anapalilia vibaya, na kwamba ndani ya kaburi lile kuna bakuli lake, angelipenda lirudi.

Nikatokea. Kijana mmoja aliangusha fimbo. Loserian hakunipa mkono mara moja. Alinizunguka kwanza, akatazama kivuli changu, kisha akanigusa sweta. Niliwaeleza mchezo wa maboksi. Walinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa wa homa. Loserian akauliza kama Mzungu yule anasafiri kutoka kwao ili aandike jina lake kwenye bakuli la mke wangu. Nikasema ndiyo. Akawageukia wenzake akasema kwa Kimaa kwamba afadhali ningekuwa nimekufa, ingeeleweka.

Wakacheka wote, na Mama Edna pia, ambaye Kimaa hajui.

Kondoo tulimla. Loserian alisema hawezi kurudi naye, angemwambia nini?

Jumatano, 30 Julai

Nimepanda tena, na Loserian, kwenda kuomba mawe yaondolewe. Goti limevimba. Nilikuwa na hoja tatu, nimezipanga vizuri.

Rundo nililiona kutoka juu ya mteremko. Sikutegemea. Lilikuwa jeusi kwa unyevu, limepangwa kwa ustadi, na nyasi juu yake bado mbichi. Baba yangu alifia kwenye chumba cha kupanga pale Karatu, akazikwa makaburi ya mji, mstari wa nne, na hakuna mpita njia aliyewahi kumwongezea jiwe. Nilisimama pale na hoja zangu tatu. Sikutoa hata moja.

Loserian alizitoa kwa niaba yangu kwa wazee watatu waliokuja. Wakajadiliana. Jibu lao ni kwamba jiwe lililowekwa kwa heshima haliondolewi, aliyewekewa awe amekufa au amechelewa. Mzee mmoja akaniambia nisijali, mawe hayaozi, yatanisubiri. Alinena kwa wema wote.

Hilo ningelistahimili. Lakini wakati tunaondoka alipita yule mama mwenye punda, jina lake Sinyati, na binti yake. Loserian akamuuliza amefunga punda wapi jana. Akajibu: kwa Mzee wa Karatu.

Nikauliza hapo ni wapi. Alinishangaa. Akaonyesha uwanda wote, mwerezi, zizi, korongo mpaka ng'ambo. Hapa, akasema. Kwa sababu jina la aliyekufa kwetu halitajwi, wameniita hivyo, na pahali pamefuata. Siku hizi watu wote husema hivyo, na watoto wanajua. Nikamuuliza zamani paliitwaje. Akafikiri kwa uaminifu. Akamuuliza binti yake. Binti akasema zamani hapakuwa na jina.

Kwa Mzee wa Karatu.

Nilitamka Oloonkishu, kwa sauti, mara moja. Sinyati alirudia kwa adabu, akakosea, akamswaga punda wake.

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane

Mji mtupu, watu wako kwenye maonyesho. Nimekaa na goti langu juu ya kiti.

Nimetafakari kwa siku kadhaa na nimepata kosa lilipo. Ni mawe. Jiwe lina maana kwetu, na mimi nilisahau kwamba wapita njia wana macho. Kosa la kitaalamu tu. Jina Oloonkishu bado linaweza kurudi ramanini kabla midomo haijazoea lile lingine, ila lazima lirudi mwaka huu.

Nimepata pahali papya, ng'ambo ya korongo. Kuna mti wa oreteti, aina ya mkuyu, mkubwa kupita yote bondeni, na shina lake lina uwazi unaotosha boksi. Karibu yake hakuna jiwe hata moja, nilikagua siku ile na Loserian. Pametulia. Hakuna anayekata tawi pale, hakuna anayechunga, hata watoto hawachezi. Loserian anasema ni kwa sababu akina mama huja chini yake kuomba watoto, na wazee kuomba mvua, na kila mmoja huacha shada la majani penye uwazi ule.

Nimemweleza Mama Edna. Akauliza nikikuta wanaliomba boksi nitafanyaje. Nimemjibu kwamba anatia chumvi. Watu wale wamelelewa vizuri, hawawezi kupigia magoti kitu wasichokijua.

Na majani hayana uzito kama mawe.