Mtamba Aliyeitwa Sestode

Jumatatu, 3 Juni
Niko kijijini kwetu, Mushaki. Nimepata jina! Mtamba wangu wa mahari ana mstari mweupe unaozunguka tumbo lote. Jirani yangu Bayingana naye anamtaka Christa, msichana ninayemposa, na ng'ombe wake ni mnene kuliko wangu. Basi wangu awe na jina la kisomi. Leo nilichelewa mafunzo ya wafugaji. Nilipoingia, Papa Léopold, daktari wa mifugo, alikuwa anaeleza kwamba "sestode" limetokana na Kigiriki cha zamani, kestos: mkanda wa kujifunga kiunoni. Mkanda! Nikatoka hapohapo, Bayingana asije akaniwahi.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu. Kwa Papa Gasana, baba yake Christa, mtamba alipokelewa vizuri. Nikatangaza jina. Bibi yake Christa akalirudia kwa sauti akimbariki, wageni wakapiga makofi: Sestode! Sestode! Christa peke yake hakupiga makofi. Anafundisha biolojia. Kisha akasema taratibu, "Mucyo, iyo njo jina ya minyoo ya mu tumbo, ile mirefu kama mukanda. Njo unaniletea mbele ya wazazi?"

Nikajibu kwamba Kigiriki hakina kosa. Heri ningenyamaza! Papa Gasana akaniambia nirudi kwetu na mnyama wangu.

Mvua njia nzima. Bayingana alikuwa anauza maziwa kando ya barabara, na habari zilishamfikia kwa simu. Akamsalimia mtamba kwa jina lake. Mimi hakunisalimia.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani sikuimba. Alliance, mdogo wake Christa, alinivuta pembeni. Kumbe Christa alishamchagulia mtamba jina: Mwiza. Wiki nzima alingoja nimwulize angependa aitwe nani. Sikumwuliza. Nilikuwa nashindana na Bayingana, Christa mwenyewe nikamsahau kabisa.

Jumanne, 11 Juni
Nimekwenda kumlalamikia Papa Léopold. Alikuwa kazini, mkono wote ndani ya ng'ombe wa watu. Nikamwuliza kama hakuna neno lingine, lenye heshima kidogo. Akasema lipo: wengine husema "tenia", la kale pia, maana yake utepe.

Utepe! Kama ule wa kwenye nywele za bibi harusi! Papa Léopold alikuwa bado anaongea, kitu fulani kuhusu dawa ya minyoo, lakini mimi nilishafika barabarani.

Nimemwosha mtamba, anang'aa. Kesho asubuhi kwa Papa Gasana. Safari hii nitalitamka polepole, kila mtu alisikie vizuri.