Vikapu Vinane vya Kumeza Moshi

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya kumi na mbili bila Débora. Mke wangu amerudi kwa baba yake, kule mji wa Iga Barrière, pamoja na mtoto. Alisema mtoto anakohoa, nyumba ni moshi mtupu, harudi mpaka hewa iwe safi. Baba mkwe, mwalimu mstaafu, atakuja Jumamosi kuhakikisha mwenyewe.

Jirani yangu Paluku anasema nitoe mbabula, jiko letu la makaa, nje, nipikie uani. Eti ni hivyo tu! Mimi, mwalimu wa kemia, nifundishwe na fundi matofali? Makaa ya magunzi ya mahindi hunyonya uchafu wa hewa. Nimeazima shuleni kipimo cha uchafu wa hewa. Sebuleni: 180. Hewa safi haizidi 35. Aibu gani hii!

Jumatano, 7 Mei

Nimechoma magunzi kwenye pipa. Mara ya kwanza, majivu matupu. Mara ya pili, makaa mazuri, ila nyusi zangu zimekwenda. Nimetundika vikapu vinane darini, nikafunga madirisha, nikapika maharage, nikapima. 240! Nimekata tamaa kabisa.

Ijumaa, 9 Mei

31! Ushindi! Kweli, tangu jana sijawasha moto, nakula kwa Paluku. Hilo sikuliandika kwenye daftari la vipimo. Nikampigia Débora. Akasema ametukumbuka, mimi na nyumba. Nililia.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwisha. Baba mkwe, Muzee Baudouin, alifika asubuhi. Kipimo: 29. Akatabasamu! Angeondoka palepale ningepona, lakini mkwe haondoki bila kula. Dada yangu Bernadette akaja kupika kuku. Mvua ikashuka, akaingiza mbabula ndani. Mimi niko mlangoni, namweleza mzee habari za vitundu vya makaa vinavyomeza moshi. Makaa ya kupikia yakaisha. Bernadette akatazama juu.

Vikapu vyote vinane motoni! Kipimo: 412. Mzee alikohoa, akaandika namba, akamaliza kuku wake. Kisha, taratibu: "Débora atabakia kwangu. Weye iko na masomo mingi, lakini nyumba yako iko moshi tu."

Jumapili, 11 Mei

Débora amepiga simu. Mtoto hakohoi tena. Jana jioni ametembea hatua tatu, za kwanza, akaangukia magotini kwa babu yake. Sikuziona. 

Paluku amekuja na matofali, eti tujenge jiko uani, bure, leo hii. Nimemrudisha nayo. Kosa nimeshaliona: vikapu vinane ni vichache. Natengeneza arobaini.