Folda Moja, Kompyuta Sita

Jumatatu, 4 Machi 2024
Falonne, yule binti fundi wa kompyuta, amemaliza. Kompyuta zote sita za radio zimeunganishwa na seva moja. Sasa mtu anakaa popote, anaandika jina lake na neno la siri, na folda yake inamfuata. Zamani maneno yote ya siri yalikuwa kichwani mwangu! Watu walinibembeleza kama mjomba wao: tonton Emile, tufungulie. Leo hakuna aliyebembeleza. Mama Annette, mkurugenzi wetu, amesema Ijumaa atamtaja mkuu wa kompyuta. Alisema hivyo akimtazama Falonne.

Jumanne, 5 Machi
Falonne anavuka mto kwa pirogi kutoka Lubunga na bado anafika kabla yangu. Mimi ninalala mtaa wa nyuma! Sébastien wa michezo ameniuliza mbele ya watu kazi yangu siku hizi ni ipi. Kusimamia, nikasema. Akauliza namsimamia nani. Wote wakacheka. Falonne alicheka kwa adabu. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Jumatano, 6 Machi
Falonne amenipa haki za msimamizi, za kufungua na kufuta folda za wote, eti kwa heshima ya mkubwa. Asante! Kila kompyuta bila shaka ina nakala yake ya folda zote. Jioni nimefuta zilizo kwenye kompyuta ya Sébastien. Kesho Mama Annette atakaa hapo kusoma hotuba yake ya siku ya wanawake. Hataikuta. Lawama wagawane Falonne na Sébastien.

Alhamisi, 7 Machi
Hotuba haipo. Vizuri. Habari hazipo. Matangazo ya msiba hayapo. Kwenye kompyuta zote sita! Kumbe folda ni zilezile, ziko kwenye seva. Kompyuta zinazichungulia tu. Familia kutoka Isangi imesimama mlangoni, inauliza tangazo la marehemu wao liko wapi. Nikapaza sauti kwamba zimefutwa kwenye kompyuta ya Sébastien. Falonne akajibu polepole: bon, tonton, seva inaandika pia jina la aliyeingia. Imeandika Emile. Sébastien akasema pole, tonton, msimamizi umesimamiwa. Kabla ya mchana Falonne alikuwa amerudisha kila kitu kutoka nakala zake za akiba.

Ijumaa, 8 Machi
Falonne ndiye mkuu. Vitenge vipya vya siku ya wanawake, vigelegele hadi barabarani. Mimi nimenyang'anywa haki za msimamizi. Ni tarehe tu iliyombeba. Siku nyingine yoyote ningeshinda mimi. Hata hivyo nimejichunguza kwa unyofu, na kosa langu nimeliona: niliingia kwa jina langu. Jumatatu nitaingia kwa jina la Falonne. Leo nilisimama nyuma yake akiandika neno lake la siri. Herufi tatu ninazo tayari.