Ombi la Kurudishiwa Mke wa Kwanza wa Babu Yetu

Orrin Northrop,
Barabara ya Kinu cha Juu,
Tolverton, Connecticut.

Bi. Camille Astwood,
Karani wa Kumbukumbu za Mirathi,
Tolverton.

Mheshimiwa Bibi Karani,

YAH: MAREHEMU JABEZ NORTHROP (ALIYEFARIKI 1743) NA MKEWE MLIYEMPOTEZA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chenye mto, na chai ya moto mbele yako, kama inavyomstahili mtu aliyefuta nusu ya ukoo wa watu kabla ya chakula cha mchana. Sisi huku hatujambo, ukiacha kwamba tangu barua yako ilipofika Jumanne hatujui tumetoka kwa nani.

Nikukumbushe jambo lenyewe. Wasia wa babu yetu Jabez, ambao mmeutunza vizuri ajabu, unasema hivi: "Kwa mke wangu wa sasa, Mehitabel, naacha kitanda changu bora cha manyoya, ng'ombe mmoja wa maziwa, chumba cha mashariki, na ruhusa ya kupita jikoni, maadamu anabaki mjane wangu." Mke wa sasa. Hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba penye wa sasa palikuwa na wa zamani. Babu yangu mzaa baba, marehemu Lucius Northrop, aliyaona maneno hayo katika jalada lenu enzi za ujana wake. Akawahesabu watoto sita wa Jabez, akaona kati ya wa tatu na wa nne pana pengo la miaka saba, akapiga paja. Watatu wa mwanzo ni wa mke wa kwanza, watatu wa mwisho ni wa Mehitabel! Tangu siku hiyo ukoo wetu una matawi mawili. Kuna sisi Wakwanza, na kuna wale Wasasa.

Sasa wewe unaniandikia, kwa herufi safi na bila kutetemeka, kwamba maneno "mke wangu wa sasa" yalikuwa mazoea ya waandishi wa wasia wa zama zile. Kwamba yaliwekwa ili mke aliyetajwa akifa mapema na mume akaoa tena, huyo mpya asije akadai kitanda. Kwamba hayasemi lolote juu ya mke aliyetangulia. Mke ni mmoja, unasema, na watoto wote sita ni wa Mehitabel. Kwa heshima zote zinazokustahili, na chache za ziada nilizokuwa nazo nyumbani, nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Mke wa kwanza wa Jabez aliitwa Patience. Najua utauliza jina hili limetoka wapi. Limetoka kwa babu Lucius, naye alilitoa kichwani, kwa sababu jalada lenu halikumsaidia. Ulitaka afanye nini, amwite Fulani? Patience ana jiwe la kaburi la marumaru, lililonunuliwa kwa michango. Chini ya jiwe hakuna mtu, hilo silifichi, lakini maua tunaweka kila Agosti na hayajawahi kukataliwa. Mkate mweusi wa mvuke tunaokula na maharage ya kuoka siku ya mkutano wa ukoo unaitwa Mkate wa Bibi Patience. Ni mtamu sana. Basi niambie, Bibi Karani, mkate huo alitufundisha nani?

2. Mimi nina shinikizo la damu. Daktari aliponiuliza kama ugonjwa huo upo kwetu, nilimjibu kwamba umetoka upande wa Bibi Patience, naye akaandika kwenye faili kama mtu aliyesoma. Dada yangu Adele ana pua ya Patience. Sasa kama Patience hayupo, hii damu inanipanda kwa ruhusa ya nani? Na Adele, aliyeivumilia pua ile maisha yake yote kwa ajili ya heshima ya ukoo, nimwambie akairudishe ofisi gani?

3. Kuhusu pengo la miaka saba, unasema kitabu cha kanisa kinaonyesha wachanga wawili, waliozaliwa na kuzikwa katika miaka hiyo, na kwamba hawakutajwa katika wasia kwa sababu wafu hawarithi. Hoja hii nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mmoja hakupewa hata jina. Nakulaumu kwa kutuletea simanzi ambayo hatukuiomba. Mimi nilileta ombi la kutafutiwa bibi, nikapewa matanga. Kwa babu Lucius pengo lile lilikuwa harusi mpya, kwako ni vilio viwili. Chagua mwenyewe lipi linafaa kusomwa mbele ya watu walioshika sahani za saladi ya viazi.

4. Nakala ya barua yako ulimpelekea pia Bwana Duncan Pell, mwenyekiti wa Wasasa, eti kwa sababu naye aliomba. Duncan ni kaka wa mke wangu. Hakungoja hata nimalize kuvaa viatu. Alisimama kwenye ngazi za mlango wangu, kofia kifuani, uso wa msibani.

"Shemeji, pole sana," akasema. "Nasikia umefiwa na bibi ambaye hakuwahi kuzaliwa."

Nikamwambia aondoke.

"Naondoka, shemeji. Ila jua kuanzia leo na wewe ni Msasa. Agosti utaleta maharage yako kwetu, na usiyajaze sukari kama mlivyokuwa mkifanya huko kwa bibi yenu hewa."

Bibi hewa! Miaka yote nimesikia habari za wafanyakazi hewa na mishahara yao. Sikujua kwamba siku moja nitaambiwa natoka tumboni mwa mmoja wao. Na maharage yetu hayana sukari nyingi.

5. Hapa ndipo penye kidonda. Makaburi yetu ya ukoo yako mlimani nyuma ya shamba la zamani, na katikati yake pana uzio wa waya ambao babu Lucius aliujenga kwa mikono yake. Kaskazini wanalala Wakwanza, kusini wanalala Wasasa, na sharti la ukoo ni kwamba kila mtu azikwe upande wa damu yake. Mke wangu Verna alizaliwa Pell. Ni Msasa. Undugu wetu ni wa mbali mno, hata mchungaji hakuuliza siku ya ndoa, lakini uzio hauulizi umbali. Nimebembeleza kamati zote mbili mpaka nikapata viwanja vinavyogusana na waya, yeye kule, mimi huku. Niliona nimefanya jambo la maana.

Tangu Krismasi Verna amekuwa akienda kwa daktari wa moyo. Kila akirudi hukaa jikoni na koti lake mwilini. Juzi nilimwonyesha ramani ya viwanja, nikamwambia tutakuwa karibu kiasi cha kusikiana. Aliendelea kumenya viazi. Kisha akasema, "Orrin, miaka yote hii nalala nawe kitanda kimoja. Nikifa ndiyo unanipeleka kwa jirani?"

Nikakunja ramani. Sasa nisikilize vizuri, Bibi Karani. Kama Patience alikuwapo, uzio ule ni utaratibu, na utaratibu huheshimiwa hata ukimuumiza mtu. Lakini kama hakuwapo, basi tumewatenga watu na wenzi wao kwa neno moja lililosomwa vibaya. Shangazi yangu Cora amelala upande wetu, na mume wake yuko ng'ambo ya waya. Siku ya kumzika nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na niliwasikia wajukuu wakiuliza kwa nini bibi hapelekwi kwa babu. Tuliwaambia wanyamaze, kuna sababu. Unataka sasa niwaambie sababu ilikuwa nini? Ndiyo maana siwezi kukubali barua yako. Patience lazima awepo.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa utaratibu wa kupungua kwa matumaini. Kwanza, atafutwe tena. Tazameni nyuma ya makabati, watu wa enzi za Patience walikuwa wembamba. Pili, kama haonekani, tupeni mwingine. Najua katika majalada yenu mna wanawake wengi waliofariki miaka ile, wasio na mume wala jina, maana wanawake mliwaandika kwa kubana wino. Hatuchagui sura. Tatu, kama na hilo limeshindikana, Jabez mwenyewe aitwe mahakamani aeleze alikusudia nini. Akikaidi, afutiwe wasia, na kitanda cha manyoya kirudi kwa wazao. Wala usinijibu kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Patience hayupo, na lake lipo. Lipo jiwe, upo mkate, ipo pua, na upo uzio.

7. Mwisho, ili uone kwamba lugha ya Jabez iko wazi na bado inafanya kazi, naambatisha nakala ya wasia wangu mwenyewe, niliouandika majira ya machipuko. Nilifuata wa Jabez neno kwa neno, isipokuwa mahali pa ng'ombe nimeweka gari. Wakili alinisihi nitumie fomu ya kisasa. Nikamwambia maneno yaliyomtosha Jabez yananitosha na mimi, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuyasoma vibaya.

Barua hii ataipitia kwanza Verna, aliyefundisha hesabu shule ya upili na hana huruma na makosa ya herufi, kisha nitaitia posta. Nisalimie hakimu, yule mzee wa mlangoni anayekagua mifuko, na kila mtu hapo ofisini ambaye bado ana bibi zake wote.

Mimi wako, katika kutafuta haki na mke wa mtu,

Orrin Northrop
Mwenyekiti, Umoja wa Wazao wa Mke wa Kwanza

Tanbihi. Bibi Karani, kabla hujajibu, soma na hii.

Verna amemaliza kusoma. Makosa ya herufi hakuyaona. Akasoma na kiambatisho, kisha akaniita kutoka bustanini kwa jina langu lote, ambalo hulitumia kanisani na kwenye ugomvi tu.

"'Kwa mke wangu wa sasa, Verna,'" akasoma kwa sauti. "Wa sasa! Haya, Orrin Northrop, huyo wa kwanza ni nani? Maana mimi nilikukuta unakula samaki wa kopo kwa uma wa kuazima."

Nikamwapia kwamba hakuna. Nikasema hiyo ni lugha tu ya wasia, haimaanishi kitu.

"Ni lugha tu?"

"Lugha tu, Verna."

Akaivuta barua yako iliyokuwa mezani, akaisoma polepole, kidole kwenye mstari. "Kumbe si aliyenitangulia," akasema. "Ni atakayenifuata! Mimi moyo wangu bado unapimwa, wewe umeshamfungia gari ili asilidai. Anaitwa nani, mume wangu? Patience?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nimekaa jikoni, barua yako mkono mmoja na wasia wangu mkono mwingine. Nikikubali maelezo yako, naonekana nangoja mke mpya. Nikishikilia yangu, naonekana nilificha wa zamani. Ukweli ni kwamba sikuwa na mke kabla ya Verna na sitakuwa na mwingine baada yake. Neno lile nililiandika kwa sababu nililikuta limeandikwa. Naona sasa kwamba hata Jabez alifanya hivyohivyo, maskini, na huenda Mehitabel naye alimwita kutoka bustanini.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, la kwanza mpaka la saba, isipokuwa lile la sukari kwenye maharage. Naomba uniandikie tena barua ileile, safari hii kwa muhuri, kwamba "mke wangu wa sasa" haimaanishi mke mwingine yeyote, wala wa mbele wala wa nyuma. Nakala moja iwe ya Verna. Nyingine tutaisoma Jumamosi mlimani, mbele ya kamati zote mbili, kwa sababu Verna amesema atanisamehe siku waya ule utakapokuwa chini, si kabla, na kwamba shangazi Cora amengoja vya kutosha. Jiwe la Patience tutaligeuza. Adele anasema mgongoni pana nafasi ya kuandika wale watoto wawili, hata yule asiye na jina.

Na kama muhuri utachelewa, usijali. Koleo la kukatia waya nimeshaazima kwa Duncan.