Asilimia Moja Kati Yangu na Ukuu wa Kitengo

Jumatatu, 6 Januari
Siku njema mno! Mkurugenzi Tak kaniita. Anataka ukurasa mmoja wa kumpelekea Waziri: sisi Wakorea tunatumia sehemu gani ya pato la taifa kwenye utafiti, tukilinganishwa na wenzetu. Akasema, huku anakoroga kahawa, kwamba Waziri hapendi kusikia sisi ni wa pili. Nimemwelewa!

Ijumaa orodha ya vyeo inabandikwa. Nafasi ya ukuu wa kitengo ni moja, tunaoitolea macho ni wawili: mimi, Pyo Gwang-sik, na Bang Eun-sol. Tuliajiriwa siku moja, miaka kumi na sita iliyopita. Naye ameagizwa jedwali lake la takwimu hizo hizo.

Tatizo: sisi ni wa pili kweli. Asilimia tano hivi. Marekani tumeipita, Japani tumeipita, Ujerumani ndiyo usiseme. Imebaki Israeli tu, asilimia sita na ushei. Imenikwama kooni.

Jumanne, 7 Januari
Nimepata! Nikiwa kwenye foleni ya chakula kantini, trei mkononi. Nchi ndogo zisishindanishwe na kubwa, ni haki tu. Nimechora mstari: nchi zenye watu milioni kumi na zaidi. Israeli nje! Korea ya kwanza duniani! Hilo nimeliandika kwa herufi nene. Sharti la watu nimeliweka chini kabisa, herufi kama mbegu za ufuta.

Bang akapita nyuma ya kiti changu, akauliza Israeli wamehamia wapi. Nikamwambia ahangaike na jedwali lake. Akasema haya, kaka Pyo, labda ni macho yangu tu. Wivu huo!

Nimempigia mama Ye-rin, mke wangu, aliyebaki Seoul na mtoto nilipohamia huku kikazi. Nikasema amwarifu mama yake kwamba mkwewe ni mkuu wa kitengo. Akauliza orodha imeshatoka? Bado. Basi ikitoka utanipigia, akasema, akakata. Mwanamke huyu hana imani.

Jumatano, 8 Januari
Mkuu mpya kukosa maua ya okidi ya pongezi mezani ni aibu. Ham, alipopandishwa cheo mwaka juzi, alipata saba. Mimi watu wangu wanasahau. Kwa hiyo nimejiagizia nne: moja kwa jina la klabu yetu ya kupanda milima, moja kwa jina la profesa wangu wa zamani, mbili kwa majina ya wajomba nisiokuwa nao. Nimesisitiza zije Ijumaa, baada ya chakula cha mchana.

Jioni kitengo kizima tumekula nyama ya kuchoma. Mkurugenzi kausifu ukurasa wangu mbele ya wote! Nikammiminia pombe ya soju kwa mikono miwili. Bang akainua glasi, akasema anampongeza kaka Pyo kwa kuhamisha nchi nzima bila lori. Watu hoi kwa kicheko. Nami nimecheka, kuwashinda wote.

Alhamisi, 9 Januari
Balaa! Okidi zimekuja leo. Saa tatu asubuhi! Nne, kila moja na utepe: HONGERA PYO GWANG-SIK KWA KUPANDA CHEO. Mkurugenzi akapita, akasoma tepe zote. Akauliza mwenzetu orodha umeionea wapi, maana mimi mwenyewe sijaiona. Nikasema wajomba zangu wana pupa.

Hapo hapo Bang, kwa adabu zote, akamwonyesha taarifa: Israeli nao wameshavuka milioni kumi. Sikutetereka! Dakika tano tu, mstari umepanda hadi kumi na tano. Mkurugenzi akauliza kwa nini kumi na tano. Nikasema ni desturi ya kimataifa. Ya nani, akauliza. Nikasema ya kimataifa.

Ijumaa, 10 Januari
Mkuu wa kitengo: Bang Eun-sol. Jedwali lake limekwenda kwa Waziri lilivyo, nchi zote ndani, sisi wa pili. Eti Waziri kafurahi! Kasema wa pili duniani si haba.

Mimi nahamishiwa tawi la Jindo, kisiwani. Nimejifungia chooni dakika ishirini. Nimelia, nikiri tu. Miaka kumi na sita! Bang akanisubiri kwenye korido. Akasema kaka Pyo, kazi unaijua kuliko mimi, ungeandika tu tulivyo. Nimemshukuru. Sijui anazungumzia nini.

Jumapili, 12 Januari
Seoul. Mama Ye-rin kanuna, anauliza mama yake tumwambie nini. Nikachukua kikokotoo. Jindo tutakuwa watatu: mimi, mlinzi na mhudumu wa ofisi. Theluthi nzima ya wafanyakazi ni maafisa waandamizi! Makao makuu hawafikii hata moja ya kumi. Tumewaacha mbali! Na kati ya maafisa waandamizi wa Jindo, anayeongoza ni nani?

Nimempigia mama mkwe mwenyewe. Mama, mkweo ni wa kwanza! Akapiga vigelegele, kisha akauliza wa kwanza kati ya wangapi. Nimemwambia takwimu rasmi bado hazijatoka.