Harusi Iliyokwama Asilimia Tisini na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Video ya harusi ya shemeji, mdogo wake mke wangu, iko tayari! Mpiga picha kaiweka kwenye programu ya kugawana mafaili: kila anayeshusha kipande anawapitishia wenzake. Mama mkwe anakuja Jumapili kuitazama. Mke wangu kashauri twende kwa mwanyumba wangu, aliyemwoa dada yake mkubwa. Ana televisheni pana kama mlango. Kwake? Nikiwa hai? Nimemwahidi mama mkwe ataitazama hapa hapa. Nikabonyeza. Kompyuta ikasema zimebaki siku tisa. Hesabu haikubali, lakini hesabu na mimi hatujawahi kuelewana.

Jumanne, 4 Machi
Kosa ni la modemu. Iko sakafuni, itapumuaje? Nikaipandisha juu ya kabati. Wapi! Nikaihamishia juu ya friji. Mke wangu akauliza kama naigandisha. Nikanunua waya wa mita ishirini, nikautandaza koridoni hadi kwenye kompyuta. Yeye kajikwaa mara mbili, mimi mara nne. Siku saba! Nikajipongeza kwa chai.

Jumatano, 5 Machi
Nimemkamata mwizi! Programu inachukua vipande kwangu na kumpelekea mwanyumba. Namlisha adui kwa mkono wangu mwenyewe! Nikaweka kupakia: sifuri. Kufika mchana, siku kumi na moja. Hujuma hii.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kamwita fundi wa mtandao. Dada mpole, ila macho yake ya daktari. Akauliza nani kaweka sifuri. Nikasema labda umeme. Akaeleza kwamba programu humpendelea anayetoa. Mkono mtupu haulambwi. Lakini usiachie yote pia, maana njia ya kupanda ikijaa, hata ya kushuka husongamana. Akaruhusu kiasi, akafungua mlango wa programu uliokuwa umefungwa ndani ya modemu. Siku mbili! Nikamwambia hayo yote nilishayashuku.

Jumamosi, 8 Machi
Asilimia tisini na saba. Nikampigia mwanyumba, kumsalimia tu. Akanipongeza. Kumbe yeye alimaliza juzi, na kompyuta yake kaiacha inawaka kwa ajili yangu, maana mpiga picha kazima ya kwake. Nikamjibu kwamba mimi simtegemei mtu. Akasema haya, bwana. Akazima na ya kwake.
Tisini na saba. Nikanywa maji. Tisini na saba. Nikaipapasa mashine mgongoni. Tisini na saba.
Mke wangu akampigia. Sikusikia walichosema, ila walicheka sana. Saa kumi jioni, mia!

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kalia, kacheka, kajiona akicheza na kuapa kwamba si yeye. Kaniita mkwe wa shoka, mbele ya watu! Nikaeleza kwa kirefu jinsi nilivyotandaza waya. Mwanyumba, kwenye kochi langu, akakubali kwamba kweli ni waya mzuri. Muungwana yule, tuseme ukweli. Moyo wangu kwatu.

Jumanne, 11 Machi
Sifa zangu zimefika kwa jirani wa mlango wa pili. Nilizipeleka mwenyewe. Analalamika mafaili yake yanashuka kwa kukokota miguu. Nikaenda, nikakunja mikono ya shati, nikampa siri ya kazi: usimpe mtu kitu, funga kote. Kompyuta yake sasa inasema siku kumi na tisa. Nimemtuliza. Mashine ikiguswa na mtaalamu, kwanza hushtuka.