Mimi Ndiye Mazingira Magumu

Muntazir Remtulla,
Chang'ombe, Temeke,
Dar es Salaam.
2 Juni 2025

Katibu,
Kamati ya Tuzo ya Afya Vijijini.

Ndugu Katibu,

YAH: KUACHWA KWANGU KATIKA ORODHA YA WASHINDI

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi inaniacha nusu. Nina miaka themanini na sita, moyo umechoka, na daktari wangu siku hizi hanipangii tena miadi ya mbali. Maneno haya ni yangu. Kuchapa ni kazi ya mjukuu wangu Sukaina, kwa kuwa mkono wangu ukishika kalamu huandika mambo yake wenyewe.

Nimesoma gazetini kwamba tuzo yenu ya mwaka huu imekwenda kwa timu ya Zahanati ya Pwani Ndogo, huko njia ya Kimbiji, na kwamba itakabidhiwa Jumamosi ya tarehe 21. Orodha ina majina matatu: Tabibu Daniel, mhudumu Badru, na mama anayefua mashuka. Majina mawili hayamo. La kwanza ni langu. La pili ni la Muuguzi Mkunga Sekela, aliyefanya kazi pale miaka ishirini na mitatu na anayestaafu mwezi ujao. Nilipiga simu kuuliza. Dada wa ofisini kwenu akanieleza kwa adabu kwamba kanuni haziruhusu kumtunuku mtumishi mwenye onyo la nidhamu katika jalada lake. Hilo la Sekela nitalifikia. Kwa heshima ya umri, naanza na langu.

Taarifa yenu inasema timu hii imefanya makubwa "licha ya mazingira magumu". Maneno hayo mmeyarudia mara nne. Mmewasifu waliopambana na mazingira, lakini hakuna mjumbe aliyejisumbua kuuliza mazingira yenyewe ni nani. Ni mimi, Ndugu Katibu. Naomba nijieleze kwa mpangilio.

1. Mmesifu "ubunifu wa kuzalisha akina mama katika stoo". Ubunifu huo usingekuwepo bila kufuli langu.

Mwaka 1971 marehemu mke wangu, Roshan, alijifungua binti yetu wa kwanza shambani kwetu Kimbiji, juu ya mkeka, barabara ikiwa imekatwa na mvua, akisaidiwa na wanawake waliokuwa wakifua nazi. Kwa miaka arobaini aliniambia jambo moja: "Muntazir, wajengee wale wanawake chumba." Nilimjibu kila mwaka kwamba nimesikia. Alipofariki, nilijenga pale zahanati. Mei 2012 chumba kilikamilika: kitanda cha kujifungulia, sinki, taa, mapazia aliyoyachagua binti yetu. Nikafunga utepe mwekundu mlangoni, nikatia kufuli, na ufunguo nikautia mfukoni, maana chumba kisichofunguliwa na mgeni rasmi hakijafunguliwa.

Mgeni rasmi wa kwanza alisafiri. Wa pili aliugua, akatibiwa mahali penye kitanda. Wa tatu alihamishwa cheo wiki moja kabla ya siku yenyewe, na wasaidizi wake wakaniuliza kama nilikuwa namtaka yeye au cheo. Nikasema cheo. Miezi kumi na moja ikapita. Kwa muda wote huo Sekela alizalisha akina mama ndani ya stoo, kati ya maboksi ya dripu na marobota ya vyandarua, ametenga pembe kwa kanga mbili. Kutoka stoo hadi kwenye kitanda changu ni hatua tisa. Nilizipima mwenyewe, wakati wa kupanga viti vya wageni.

2. Mmesifu "mfumo mzuri wa kuwapasha wananchi habari". Huo mfumo ni jiwe langu.

Niliagiza jiwe la marumaru zito kiasi kwamba ukuta ulipasuka siku ya kulibandika. Juu kuna jina langu, kwa herufi za ukubwa wa kiganja. Chini kuna jina la Roshan, kwa herufi ambazo ni lazima uiname kuzisoma. Katikati niliacha nafasi ya jina la mgeni rasmi, ambayo haikuchongwa kamwe, kwa sababu wageni walikuwa wanabadilika haraka kuliko fundi alivyoweza kuchonga. Badru akaanza kuandika pale kwa chaki: Kliniki ya watoto Jumatano. Nilimkaripia. Akanijibu, "Mzee, hapa ndipo watu wote wanapotazama, wanajiuliza nafasi hii ya nini." Leo nakiri kwamba katika jiwe lile zima, sehemu ya Badru ndiyo pekee inayomfaa mtu.

3. Mmesifu "umakini katika takwimu za watoto". Hapa nadai zaidi kuliko popote.

Mimi nilisoma hadi chuo kikuu, kisha nikarithi duka la sukari Buguruni. Nilipofunga duka nilitoa mzani wangu uwe wa kupimia watoto, na nikapigwa picha nao. Baada ya miezi michache Sekela aliona kitu kisichomkalia sawa: watoto waliokuwa wembamba machoni walikuwa wanene kwenye kadi. Akaweka juu ya mzani pakiti ya sukari ya kilo moja, haijafunguliwa. Mzani ukasoma kilo moja na nusu. Akabandika plasta juu yake, akaandika: Toa nusu. Kisha akazunguka nyumba hadi nyumba kuwatafuta watoto wote waliopimwa, akaanza upya. Aliwapata wanne ambao walikuwa wanadhoofika huku kadi zikiwapongeza.

Daniel aliponisimulia alikuwa anajizuia kucheka. "Kumbe ndiyo maana chai ya Buguruni ilikuwaga haikolei, mzee. Kilo yako ilikuwa nusu kilo." Nilimwambia ule mzani uliharibika njiani, kwa mashimo ya barabara ya Kimbiji. Barabara ile, Ndugu Katibu, nimeisingizia mengi.

4. Mmesifu "ujasiri wa kuchukua hatua wakati wa dharura". Dharura hiyo niliiandaa mimi.

Jumanne ya tarehe 9 Aprili 2013, mvua ya masika ilikuwa imeingia stoo, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Wafa, binti wa Hamoud mwenye duka la pale kijijini, aliletwa akiwa na uchungu, na mtoto alikuwa anatanguliza miguu. Saa saba na robo mchana Sekela alinipigia simu kuomba ufunguo. Nilikuwa nyumbani Chang'ombe, nakula. Nikamwambia, "Sista, vumilieni kidogo, ufunguzi ni Jumamosi hii, safari hii mgeni rasmi amethibitisha."

Akasema, "Mzee Remtulla, huyu mtoto hajapata kadi ya mwaliko."

Nikamwambia utaratibu ni utaratibu. Akakata simu. Akachukua nyundo ya Badru akavunja kufuli. Badru akainua utepe kwa mikono miwili, Wafa akapitishwa chini yake, kisha Badru akaushusha taratibu ulivyokuwa. Mtoto alizaliwa mzima. Mama alivuja damu sana, lakini palikuwa na taa ya kumwonea na kitanda cha kumwinulia miguu, naye akapona. Daniel aliniambia baadaye kwamba kule stoo asingepona. Alinieleza hivyo bila mimi kumwuliza, na sijawahi kumsamehe.

Jumamosi nilifika na mgeni rasmi. Utepe ulikuwa umekaa vizuri, mashuka yalikuwa kwenye kamba yanakauka. Mgeni akakata utepe, akatangaza kwamba hakuna mguu uliowahi kuingia katika chumba hiki. Mtoto wa Wafa, ambaye umri wake ulikuwa siku nne, akaanza kulia ndani. Watu wakacheka. Hawakunicheka mimi hasa, lakini mimi ndiye niliyevaa suti.

5. Hili ndilo zito, na hamkulisifu kwa sababu hamkulijua.

Jumatatu yake niliwaandikia wakubwa wa kazi wa Sekela. Ilikuwa barua nzuri. Mtu aliyesoma historia na Kiswahili chuo kikuu lazima avitumie mahali fulani. Niliandika kwamba amevunja mali ya wakfu kwa dharau, ili kuniaibisha mbele ya mgeni. Nikamalizia kwa sentensi hii, naikumbuka kwa nukta yake: "Wala hakuwahi kuniomba ufunguo."

Aliniomba. Nilikwisha kuandika hapo juu hata saa yenyewe.

Kwa sentensi hiyo alipewa onyo la maandishi. Kwa onyo hilo alirukwa alipostahili kupandishwa daraja, kisha akarukwa tena. Na kwa onyo hilo hilo, miaka kumi na miwili baadaye, jina lake halimo katika orodha yenu.

Yeye anajua nani aliandika. Alipewa nakala ili ajitetee. Hata hivyo, tangu moyo wangu uanze kuchoka, kila akija mjini kufuata dawa hupita kwangu Chang'ombe. "Shikamoo, mzee. Presha leo inasemaje?" Ananikunja shati, ananifunga mkanda mkononi, na ninapofungua mdomo ananiambia, "Usiongee, babu, itapanda." Nami humtii. Sijawahi kuwa mgonjwa mtiifu kiasi hicho kwa mtu mwingine yeyote.

Basi, Ndugu Katibu, mantiki iko wazi. Bila kufuli langu, hapana ubunifu. Bila mzani wangu, hapana umakini. Bila simu yangu, hapana ujasiri. Bila barua yangu, hapana mtu wa kufanya kazi miaka kumi na miwili bila shukrani, jambo ambalo wenyewe mmeliita "moyo wa kujituma". Timu hii mimi ndiye niliyeipatia kazi ya kufanya. Kwa hiyo nadai:

(a) Ianzishwe tuzo mpya ya Mazingira Magumu ya Mwaka, na niwe mshindi wake wa kwanza.

(b) Kila penye neno "licha ya" katika taarifa yenu, liongezwe jina langu.

(c) Niwekewe kiti cha mstari wa mbele, chenye mgongo, karibu na choo.

Wasalimie wajumbe wote wa kamati, dada aliyepokea simu yangu, wapishi wa siku hiyo, na mgeni rasmi, akipatikana.

Wako niliyechelewa,

Muntazir Remtulla

Nakala: Wakubwa wa kazi wa Sekela, iwekwe katika jalada lake, juu ya ile nyingine.

Nyongeza: Sukaina aliacha kuchapa alipofika kwenye (c). Amesema, "Babu, umeomba tuzo, umeomba na kiti. Msamaha hujaomba hata mstari mmoja." Nimemwambia arudi juu atafute. Ametafuta. Haupo.

Kwa hiyo naomba mfute madai yangu yote matatu, na lalamiko la kwanza hadi la nne. Libakizeni la tano peke yake. Barua yangu ya mwaka 2013 naifuta: sentensi yake ya mwisho ni uongo, na nimeapa hivyo mbele ya wakili Talha, ambaye hati yake imeambatishwa. Kama kanuni zenu zinahitaji onyo liondolewe kwanza, basi wahimizeni wakubwa wake waliondoe haraka. Zimebaki siku kumi na tisa, na kwa upande wangu sina hakika nazo zote. Nimeambatisha pia ufunguo wa lile kufuli. Haufungui kitu tena, ila umekaa nami muda mrefu na sitaki kuzikwa nao.

Sekela anakuja Alhamisi kunipima presha. Safari hii nitaongea kabla hajanifunga mkanda.